Ndege wa Mina

Merle Brandsma alipotoa shati la kanisani kabatini siku ya Jumanne, mkewe Lois alijua kwamba mzee anakwenda kuomba shamba.

"Kuna msiba?" akamuuliza, ingawa alijua fika kwamba hakuna.

"Nakwenda kwa Duane."

"Si alikukatalia mwaka jana?"

"Hakukataa. Alisema tutaona."

"Basi ameshaona," Lois akasema, akaendelea kumenya viazi vyake.

Kule kwao, kaskazini-magharibi mwa Iowa, kuomba ardhi ya kuwindia fesanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku, kulikuwa na adabu zake, na Merle alizishika kama anavyoshika sala. Huendi na bunduki. Mbwa unamwacha ndani ya pikapu. Kofia unaivua kabla mlango haujafunguliwa. Unaisifu mvua au unailaumu, kutegemea imenyeshaje, unauliza mahindi yametoa kiasi gani, na ukishafika kikombe cha pili cha kahawa ndipo unataja, kama jambo lililokupitia tu kichwani, kwamba ulikuwa unafikiria kumpitisha mbwa kule bondeni. Na ukishawinda, huondoki kimyakimya. Unarudi mlangoni na ndege wawili, wamenyonyolewa, wameoshwa kwa maji ya chumvi, wamo ndani ya mfuko wa mkate. Mguu mmoja unauacha na kucha zake, maana sheria inaruhusu kuua majogoo peke yake, na ule mwiba wa mguuni ndio ushahidi. Merle aliongeza la kwake. Juu ya kila mfuko alibandika kipande cha karatasi, akaandika tarehe kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu wa posta, na chini yake: ANGALIA MARISAU, USIVUNJE JINO. Vile vidonge vidogo vya risasi hujificha ndani ya nyama, na yeye alishawahi kupoteza gego kwa sababu yao.

Zamani hakuwa na haja ya shati la kanisani. Miaka thelathini na mitatu alikuwa tarishi wa posta kwenye barabara zile za changarawe, milango mia mbili na kumi, na hapakuwa na mlango usiomjua. Asubuhi za baridi fesanti walijaa barabarani wakidonoa changarawe, majogoo wenye mikia mirefu na pete nyeupe shingoni, na Merle ilimbidi apige honi ili apate njia. Wakati ule kila shamba lilikuwa na ua wa miti, kijito chenye majani marefu, na kona mbovu ambayo trekta haliwezi kugeukia. Ndege wanaishi kwenye kona mbovu. Kisha matrekta yakawa makubwa, nyua zikang'olewa, majani yakalimwa mpaka ukingoni mwa barabara, na nyumba zisizo na watu zikasukumwa na buldoza zikazikwa pamoja na masanduku yao ya barua. Majani machache yaliyobaki yalikodishwa na vilabu vya uwindaji, ambavyo ndege wake huletwa na lori ndani ya makreti na kufunguliwa saa moja kabla wageni hawajamaliza kifungua kinywa. Merle alishakutana na mmoja wa ndege hao barabarani. Alisimama tu akimtazama, anangoja kulishwa.

Mwenyewe angeweza kuacha. Alikuwa na miaka sabini na sita na magoti yake yalishatangulia kustaafu. Lakini alikuwa na Tilly, mbwa wake mweupe wa mabaka ya kahawia, mwenye miaka kumi na miwili, na mwezi wa Septemba daktari wa mifugo aliuweka mkono kwenye mbavu za Tilly, na uso wake ukabadilika. Moyo umepanuka, akasema. Krismasi ataiona, lakini msimu mwingine asimhesabie. Misimu miwili sasa Tilly hakuwa amenusa ndege wa kweli, na kila bunduki iliposafishwa alikwenda kukaa mlangoni. Merle alitaka ampatie mmoja. Ndege mmoja wa porini, ndani ya majani ya kweli, kabla moyo ule haujasimama. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Duane alimkaribisha vizuri, kahawa ikamiminwa, mvua ikalaumiwa ipasavyo. Kikombe cha pili kilipofika nusu, Merle akalitoa lililomleta.

"Merle bwana, usinichukie," Duane akasema, akikuna kidevu. "Nimewakodishia wale jamaa wa klabu. Mkataba unasema hata mimi mwenyewe siruhusiwi."

"Hata wewe? Kwenye shamba la baba yako?"

"Hata mimi. Juzi nimeona jogoo nyuma ya ghala langu, nikampungia mkono."

Wakacheka, maana wangefanya nini? Lakini Merle alipoingia kwenye pikapu hakuweza kumtazama Tilly machoni. Duane alikuwa mlango wa tano mwaka ule.

Akarudi nyumbani kwa njia ndefu, iliyopita kwa Mina Roorda. Ekari themanini za Mina zilikuwa bado na majani yake, yamefika kiunoni, na bwawa la matete katikati. Pale ndipo Tilly alipopata ndege wake wa kwanza akiwa mtoto. Pale ndipo Merle alipowinda miaka thelathini na miwili, hadi Mina alipofariki. Mina hakuwa na mtoto wala maneno mengi, lakini alipenda nyama ya fesanti hakuna mfano. Mwanzoni Merle alimpelekea ndege wawili. Baada ya miaka michache Mina akamwambia, "Ukipata watatu sitakasirika." Kisha wanne. Kuna mwaka aliomba sita, na Merle akarudi nyumbani kifua mbele, akamwambia Lois kwamba bibi yule mwembamba anakula kama mpasua magogo. Hakuna sifa aliyowahi kupewa iliyomwingia kama ile.

Sasa pale kwenye lango palikuwa na kibao kipya cha herufi nyekundu: HAKUNA KUWINDA. Merle alisikia shamba limeuzwa kwa watu wa mjini ambao hakuwajua. Adabu ilimwambia apite. Akasimamisha gari. Akagonga, hapakuwa na mtu. Basi akachukua bahasha iliyokuwa kwenye gari, akaandika kwa penseli kwamba yeye ni Merle Brandsma, aliwahi kuwinda hapa kwa ruhusa ya marehemu Mina, ana mbwa mzee mgonjwa, anaomba nusu saa tu kando ya bwawa, na wakikataa hatakuwa na kinyongo. Akaweka namba ya simu. Alipofika kwenye sanduku la barua akasita. Sheria ya posta hairuhusu kutia ndani ya sanduku kitu kisicho na stempu, na Merle aliwakaripia watu miaka thelathini na mitatu kwa kosa hilo. Akatoa stempu kwenye pochi, akailamba, akaibandika kwenye barua ambayo angeisafirisha hatua moja. Ndipo akaitia.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Sauti ya mwanamke.

"Barua hii umeiandika wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama. Kama kuna kosa…"

"Na ni wewe uliyekuwa ukiandika kwenye mifuko ya mkate? Angalia marisau?"

"Mifuko ile ilikuwa ya Mina."

"Njoo Jumamosi asubuhi," yule mwanamke akasema. "Uje bila bunduki, tafadhali."

Alivaa shati la kanisani tena. Akamwacha Tilly kwenye pikapu, akavua kofia. Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele fupi, sare ya muuguzi. Akajitaja: Samone. Yeye na wazazi wake walitoka Laos mwaka 1980, kanisa la Mina ndilo lililowapokea mjini, baba na mama wakapata kazi kiwanda cha nyama. Jikoni kwa Mina, kwenye meza ileile ya Mina, alikaa bibi kizee mdogo mwenye kofia ya sufu, mama yake Samone, jina lake Bouala. Alimtazama Merle kuanzia viatu kupanda juu.

"Mina alikuwa akitufundisha Kiingereza kila Jumatano," Samone akasema, akimimina kahawa. "Na kila msimu wa ndege alikuja na mifuko. Karatasi zako ndizo zilikuwa daftari letu. Mama yangu, sentensi ya kwanza kusoma Amerika nzima ni 'angalia marisau, usivunje jino.' Aliisema kiwandani, aliisema kwa mwenye nyumba, alimwambia mpaka mchungaji."

"Lakini ndege wale nilimpa Mina ale," Merle akasema.

Samone akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, Mina hakuonja hata mmoja."

"Alikuwa akiniomba zaidi!"

"Sisi tulikuwa tunazaliwa zaidi. Tulifika mtoto mmoja, tukawa wanne, kisha akaja shangazi na watoto wake. Mina alituambia alipokuwa mtoto, miaka ile ya njaa na vumbi, kwao walikula fesanti asubuhi, fesanti mchana, fesanti usiku. Aliapa akikua hatamtia mdomoni tena. Hata harufu ilimtoa nje."

Merle akakiweka kikombe chini. Miaka thelathini na miwili! Akamwona Mina amesimama kwenye mlango ule, ameushika mfuko mbali kidogo na mwili, akisema, "Jamani, usingejisumbua." Na kweli alimaanisha asijisumbue. Watu wa kule ndivyo walivyo, mtu atakufa na siri yake kuliko kumwambia mgeni kwamba zawadi yako siitaki. Masikio ya Merle yalipata moto kwa aibu, kisha kwa kitu kingine ambacho hakukipatia jina mara moja.

"Miguu ile yenye kucha nilikuwa naichukua mimi," Samone akasema. "Navuta mshipa, vidole vinajikunja, namkimbiza mdogo wangu nyumba nzima. Mzee Merle, tulikuwa tukila nyama hiyo mpaka mwezi wa tatu. Baba alifariki mwaka jana. Alitaka sana kumjua mtu wa penseli. Mina alikataa kumtaja, alisema mwindaji akijua ataacha kuleta. Kwa hiyo nimekuita nikushukuru."

Akaizungusha pete yake.

"Ila kuwinda siwezi kukuruhusu. Mwaka jana walikuja watu wawili na gari, hawakuomba, wakapiga kutoka barabarani. Risasi zilimwagika juu ya paa letu. Mama nilimkuta chini ya meza hii. Sisi tulipotoroka Laos tulivuka mto usiku tukipigiwa risasi, mzee. Ndiyo maana ya kibao."

Merle akasimama. Angekuwa mtu mwingine angemtaja mbwa, angemtaja daktari, lakini ombi lilikuwa kwenye barua na jibu ameshalipata. "Hapo sina la kusema," akasema. "Mimi mwenyewe ningekiweka kibao. Kahawa yako nzuri sana." Na alikuwa anashukuru kweli. Akachukua kofia.

Bouala alikuwa anatazama dirishani. Akauliza kitu kwa lugha yao.

"Anauliza, yule kwenye gari ndiye mbwa wa barua?"

"Ndiye huyo."

Bibi akainuka, akatoka nje na ndara zake, akafungua mlango wa pikapu mwenyewe. Tilly akampa kichwa. Bouala akaupitisha mkono chini, akaushikilia pale pale daktari aliposhikilia, na uso wake ukabadilika vilevile. Akageuka, akamwambia bintiye maneno mengi, ya haraka.

"Anakugombeza," Samone akasema.

"Nimekosa nini?"

"Anasema mbwa hana muda, na wewe unasimama hapa kusifu kahawa."

Bouala akainua kidole kimoja mbele ya pua ya Merle, akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake, "Mlio mmoja. Wa pili sitaki. Na mimi nakuja."

"Mama! Utakuja kufanya nini na magoti hayo?"

Bibi akajibu kwa lugha yao, na Samone akatafsiri. "Anasema bunduki anayoiogopa ni ile ambayo hamwoni aliyeishika."

Merle alirudi nyumbani kuchukua bunduki kwa mwendo ambao angekuwa bado tarishi angeandikiwa onyo. Lois alimkuta akisaka kwenye droo, akitoa risasi moja tu.

"Moja? Wewe tangu lini umepiga kwa moja?"

"Tangu leo."

"Basi Mungu na awe nawe, maana shabaha haiko nawe."

Walishuka kwenda bwawani polepole, magoti mawili ya Merle, mawili ya Bouala, na Tilly mbele yao na kengele yake shingoni. Kwenye ukingo wa majani Bouala akageuza ndoo aliyoibeba, akaikalia, akatia vidole masikioni, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari. Samone akasimama nyuma yake. Merle akaipa nyumba mgongo, na bunduki ikaelekea kaskazini, palipokuwa na mashamba yaliyovunwa na mbingu tu.

Tilly aliingia kwenye majani, na mara akawa si mzee. Mkia ulianza kupiga huku na huku, pua chini. Kila baada ya dakika chache alilala akihema, ulimi nje, na Merle alimngoja, akimwambia, "Pumzika, mama, hatufukuzwi leo." Kisha anainuka tena. Mara ya kwanza aliposimama tuli kuashiria ndege, mguu mmoja juu, mwili umekaza, Merle alisogea, na ndege akaruka kwa kishindo: wa kahawia, mkia mfupi. Tembe, yaani jike. Merle akaishusha bunduki. Tilly akamgeukia kwa macho ya lawama, kama ilivyo desturi yake miaka yote, maana sheria ya majogoo hakuwahi kuielewa.

Dakika ishirini zikapita bila chochote. Miaka ile ya honi wangekuwa wameshaona thelathini. Tilly alianza kuyumba miguu ya nyuma, na Merle alikuwa tayari kumbeba na kumshukuru bibi kwa yaliyotokea, pale kengele iliponyamaza. Tilly alikuwa kwenye ncha ya matete, amesimama, mguu wa mbele unatetemeka kwa uchovu lakini hauteremki. Merle akapita pembeni yake, akapiga majani teke.

Jogoo akapanda akipiga kelele, shaba na kijani kwenye jua, mkia nyuma yake mrefu usiokwisha. Merle alimwacha aende. Akamwacha tena, mpaka Bouala akadhani ameghairi. Kisha mlio ukatoka, mmoja, na ndege akajikunja akaanguka kwenye majani.

Tilly hakukimbia. Alikwenda kwa hatua, akapotea, akakaa huko muda mrefu, akarudi akitembea na jogoo mdomoni, kichwa juu, bawa likimfunika jicho. Akamweka kwenye mkono wa Merle. Merle akapiga magoti pale pale, magoti yaliyomkatalia hata kanisani, akaukumbatia ule mwili mdogo wenye moyo mkubwa mno, akalia bila kujificha. "Asante," alimwambia. "Asante, binti yangu."

Aliponyanyua macho, Bouala alikuwa ametoa vidole masikioni. Alikuwa anacheka, mkono mmoja umepiga paja, akimwonyesha bintiye mbwa.

Merle alimnyonyoa ndege nyuma ya pikapu, akamwosha bombani, akauacha mguu mmoja. Alikuwa na mfuko wa mkate, bila shaka alikuwa nao. Akaandika tarehe na yale maneno, akampelekea Bouala kwa mikono miwili mlangoni. Bibi akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha akauvuta mshipa wa ule mguu, vidole vikajikunja, akamtishia nao Samone.

"Mama anasema huendi popote," Samone akasema. "Mpigie mkeo aje."

Merle akapiga simu kutoka barazani, akamweleza Lois yote, na alipofika kwenye habari ya Mina, Lois hakushangaa hata kidogo.

"Lois? Wewe ulijua?"

"Kanisa zima la Mina lilijua, Merle."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kumpelekea," Lois akasema. "Nakuja. Nilete pai ya tufaha au ya maboga?"

Walikula jikoni kwa Mina watu wanne, mchuzi wenye mchaichai na pilipili, na wali wa kunata unaofinyangwa tonge kwa vidole. Lois alilishika mara moja kama amezaliwa nalo, Merle akaomba uma na kuchekwa. Tilly alilala chini ya meza, miguu ikicheza ndotoni. Kibao cha lango kingebaki, walikubaliana hivyo, na Merle alisema kibaki. Samone alikuwa anamwonyesha Lois picha ya baba yake, na Merle akakaa akimtazama mtu yule aliyekula ndege wake miaka yote, mwembamba, ametabasamu, na akajua sasa jina la kile kilichomwingia asubuhi masikio yalipowaka moto. Ilikuwa shukrani, kwa Mina, kwa uongo wake mzuri.

Akainua kipande cha paja kuelekea mdomoni. Bouala akamshika mkono.

"Merle," akasema, kwa sauti ya mwalimu. "Angalia marisau. Usivunje jino."

Maneno yale aliyaandika miaka thelathini na miwili, na hakuna siku ambayo mtu alimwambia yeye.

"Asante, mama," akasema, akaitia nyama mdomoni, akatafuna polepole.